Swali Lako la Kuni

Migosi, Kisumu
Agosti 2025

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Abeid,

Assalaam aleikum, Baba, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha kamba nyuma ya nyumba ya Shangazi Rehma, upepo wa ziwa ukikupiga na magoti yametulia. Ile dawa ya kuchua bado unaitumia, au umeificha tena chini ya mto kwa sababu inanata? Shangazi hajambo? Mwambie kitenge alichoniagiza nimekipata, ila si kahawia kama alivyotaka, kimeelekea kwenye wekundu. Asipokipenda asinung'unike, nitakivaa mimi.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Hapa Kisumu jua limewaka wiki nzima mpaka mabati yanalia, lakini jioni mvua huja kwa ghafla na kutufukuza kibandani. Elsie, yule jirani yangu anayenipikia ugali na kukata kachumbari, anakusalimu sana. Wateja bado wanakuulizia. Wazee wako wa Kaloleni wakija, kwanza huangalia pipa la kuchomea nyama, kisha huniangalia mimi, kisha huuliza kama wewe bado u mzima, kana kwamba ungekufa ningesahau kuwaambia.

Barua yako aliniletea Calvince, dereva wa gari la samaki. Shangazi anasema ningekuandikia kwenye simu yake ukasoma humo, lakini najua usemavyo, kwamba herufi za simu ni kama mchwa wanaokimbia mvua. Na tangu masikio yako yalipofunga kabisa, karatasi ndiyo baraza letu. Hapa naweza kusema jambo hadi mwisho bila wewe kutabasamu na kuitikia “naam, naam” kwa neno ambalo hukulisikia. Usikasirike. Miaka ile yote tulikuwa tunakuona, tukanyamaza kwa sababu tabasamu lako lilikuwa zuri.

Sasa nije kwenye swali lako. Baada ya salamu zote umeniuliza jambo moja tu: “Mwanangu, zile mbavu ulizotuma, kuni zake ulizitoa wapi?”

Hukusema ni chungu. Hukusema hazikuliwa. Lakini mimi nimekulia miguuni pako pale kibandani Kaloleni, nakujua. Mtu akikuletea nyama aliyoichoma mwenyewe, ukaonja, ikawa mbaya, hukumvunjia heshima hata siku moja. Ulitafuna, ukameza, ukamuuliza kuni. Nilipofika kwenye mstari huo niliikunja barua, nikaenda nje kugeuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Nitakujibu, Baba. Lakini jibu lenyewe si la mstari mmoja, kwa hiyo mwambie Shangazi akutilie chai.

Unamkumbuka Ondiek wa Nyakach, aliyekuwa akituletea kuni za mgunga. Amezeeka, mgongo umemkatalia, na mwaka huu mwanzoni alinipigia kuniaga kama mtu anayesafiri. Alisema hata kama mgongo ungepona, migunga yenyewe imekwisha huko kwao. Wachoma makaa wameipitia mpaka vichaka, na kilichobaki ni miiba ya kuchoma miguu ya mbuzi. Nilimshukuru, nikamwombea, halafu nikakaa nikijiuliza moto wetu utakula nini.

Nikaanza kununua kwa lori linalosimama karibu na reli. Mwenye lori alisema ana mpera mkavu, umepasuliwa tayari. Niliutazama. Ulikuwa na ule wekundu wa ndani, mzito mkononi, umepasuka nyufa kwenye ncha kama ulivyonifundisha. Nikagonganisha vipande viwili, vikalia kama kengele, nikajua ni mkavu. Maganda yalikuwa yamechunwa yote. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mpera nani anahangaika kuuchuna? Lakini nilikuwa na oda ya Jumamosi, nikachukua mzigo.

Oda ilikuwa ya Debra. Humjui, ni mteja mpya. Ana nyumba ya wageni upande wa Dunga, mama mchangamfu, anaongea kwa mikono. Kila mwisho wa wiki alikuwa akichukua mbavu za mbuzi na mbuta wa kukausha kwa moshi, na alikuwa ameniambia kwamba wazazi wake watatimiza miaka hamsini ya ndoa, na angependa nyama ya jubilei hiyo itoke kwangu, ng'ombe mzima. Baba, kazi kama hiyo hatujawahi kupata tangu uniachie pipa. Nilikuwa nimeshaanza kuota.

Jumamosi hiyo Elsie alikuwa amekwenda matanga kwao Bondo. Nikawasha mwenyewe, nikaning'iniza nyama mwenyewe, nikakaa na moto tangu alfajiri. Moshi ulikuwa mwembamba, wa rangi ya samawati, vile unavyotakiwa. Nyama ikatoka na rangi ya kahawa, inang'aa. Nikajipongeza. Za kwako na za Shangazi nikazitoa katika mbavu hizo hizo, nikampa Calvince.

Jioni Debra alikuja mwenyewe na gari. Hakupiga kelele. Aliweka sufuria mezani, akafunua, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimtania au nilimdharau. Wageni wake walikuwa wameonja wakasukuma sahani. Alisema nyama inanuka kama ile dawa ya kumpaka mtoto kifuani akiwa na mafua. Alisema hakuhitaji kuonja, alisikia harufu tangu alipofungua mlango wa gari.

Ulikuwa mkaratusi, Baba. Ule wanaouita blugamu. Walikuwa wameuchuna maganda wakauza kama mpera.

Najua unachojiuliza sasa. Mkaratusi ukiwaka, hata mtu aliyelala nyumba ya pili anaamka. Unajiuliza pua yangu ilikuwa wapi. Vumilia, nitafika huko.

Debra aliniambia mambo ya jubilei tuyaache kwanza. Nilimbebea sufuria hadi kwenye gari. Mzigo uliobaki wa zile kuni nilimpa fundi matofali, na kibanda nikakifunga siku kadhaa. Wateja niliwaambia naumwa.

Nilimpigia Ondiek, si kwa kutaka kuni, ila nilitaka kuongea na mtu anayejua kuni. Akacheka kwanza, akikumbuka jinsi ulivyowahi kumrudishia mkokoteni mzima kwa sababu ya gogo moja bichi. Kisha akaniambia kuna mjane, jirani yake wa zamani, anaitwa Aloo, nyumba yake iko nje kidogo ya Katito ukielekea upande wa Kendu Bay. Marehemu mumewe, Oyugi, alipanda mipera mingi kuzunguka boma, na upepo wa masika ulikuwa umeangusha mkwaju mkubwa mlangoni kwake. Wachoma makaa wanaufuata mkwaju huo kama inzi, alisema, na bibi huyo anawafukuza kwa maji ya moto. Nikamwuliza kwa nini atanikubali mimi. Akasema hajui kama atanikubali.

Nilikwenda Jumatatu. Aloo ni mwembamba, mrefu, ana miwani yenye mguu mmoja aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Alinikaribisha kwa uji, kisha akanihoji kuliko kadhi. Natoka wapi, baba yangu nani, nafanya nini na kuni, naongeza makaa ya dukani au la. Kiswahili chake anakichanganya na Kijaluo, lakini hakuna neno lililopotea njiani. Nilimweleza kazi yetu: kwamba hatuhitaji moto wa kuunguza, tunahitaji moshi, kwamba mgunga huipa nyama nguvu, mwembe huwapa samaki upole, mkwaju hutoa makaa yanayodumu, na mpera unafaa kila kitu kwa sababu moshi wake una utamu usiojigamba. Nilijisikia nikisema maneno yako, Baba, hata mkono nilikuwa nauzungusha kama wewe.

Akanipeleka kuangalia mipera. Mingi imezeeka, ina matawi yaliyokufa ambayo hakuna mtu aliyeyapunguza tangu Oyugi afariki. Alishika shina moja lililo laini kama mkono wa mtoto, akasema, “Hii miti bwana yangu alikuwa anaongea nayo. Mimi nilikuwa nasema huyu amechanganyikiwa. Sasa hata mimi naongea nayo.”

Nikamwambia sitaki mti wenyewe, nataka yale matawi makavu tu, na huo mkwaju ulioanguka, nikiupasua pole pole kwa msimu mzima. Alifikiri sana. Kisha akatoa sharti lake. Alisema watu wote wanaokuja huahidi mambo mazuri. Kwa hiyo nirudi na nyama, niichome hapo hapo nyumbani kwake kwa kuni za Oyugi, ale, na hapo ndipo atajua kama miti hiyo itakuwa imekwenda mahali pa heshima.

Nilirudi na paja la mbuzi na mbavu. Nilichimba shimo fupi nyuma ya jiko lake, nikawasha matawi ya mpera mpaka yakawa makaa, nikaweka waya, nikafunika kwa bati kuukuu. Aloo alikuwa ameinjika jikoni mahindi na maharagwe, wao huyaita nyoyo, ili tule pamoja na nyama. Mwanamke wa kanisani kwake akamwita kutoka njiani. Akaniambia nimwangalilie chungu, akaenda kusimama naye langoni.

Nilikaa mlangoni mwa jiko, mgongo umeelekea chungu, macho yangu yakiwa kwenye bati. Nilikuwa naangalia moshi. Baba, siku hizi mimi huangalia moshi kama daktari anavyoangalia mate ya mgonjwa. Ukiwa mweupe na mzito najua kuni zina maji, na nyama itapata uchungu. Ukiwa mweusi najua mafuta yanadondoka motoni. Ukiwa mwembamba wa samawati najua mambo ni mazuri. Nilikuwa nimezama humo kabisa.

Nikasikia Aloo anapiga yowe kutoka langoni. Alikuja mbio, mtu wa umri ule, leso imemdondoka njiani. Akanipita, akaingia jikoni, akakikamata kile chungu kwa mikono mitupu. Nyoyo zilikuwa zimeungua, zimekuwa mkaa, na moshi mweusi umejaa jiko lote nyuma ya kichwa changu.

Alitoka nje anapuliza vidole, akanisimamia. “Wewe mama! Hii kitu inaungua mpaka mimi nasikia huko kwa barabara, na wewe umekaa hapa tu?”

Nikaanza kuomba radhi, nikasema mawazo yalikuwa mbali. Aliendelea kuniangalia kupitia ile miwani yake. Hasira ikamtoka usoni, sijui ilikwenda wapi. Akaingia ndani, akarudi na kitunguu kilichokatwa, akakileta karibu na uso wangu. Macho yakaanza kunitoka machozi kwa ukali wa kitunguu, lakini pua, hakuna.

“Nyathina,” akasema, na hilo kwao ni mwanangu, “wewe husikii harufu.”

Hivyo ndivyo ilivyo, Baba. Hilo ndilo jibu la swali lako. Kuni nilizitoa kwenye lori, lakini uchungu ule uliingia kwenye mbavu zako kwa sababu binti yako hana pua. Ninayo usoni kama urembo. Kiswahili chetu husema kusikia harufu, na sijawahi kulifikiria neno hilo mpaka siku ile. Wewe husikii sauti, mimi sisikii harufu. Tumekuwa tukiketi mimi na wewe, kila mmoja anamtabasamia mwenzake kwa jambo ambalo halimfikii.

Aloo aliketi chini pembeni yangu, kwenye vumbi, akanyoosha miguu. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwaka ule wa korona, nilipougua mimi pamoja na Mama. Homa iliniacha, kikohozi kikaniacha, harufu haikurudi. Daktari aliniambia niwe na subira, wengine hurudishiwa, wengine la. Nimesubiri. Aloo akauliza ni nani anayejua, nikasema hakuna. Akauliza nawezaje kazi ya moshi, nikamweleza: naangalia rangi, nagusa, nagonganisha, naonja kwa ulimi chumvi na ukali, ila ladha ya moshi hainifikii. Akasikiliza yote. Kisha akasema, “Pole. Umechoka sana wewe.”

Baba, hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nililia pale mpaka mwanamke wa kanisani akaja kuuliza kuna msiba gani. Aloo akamwambia hakuna msiba, ni nyoyo zimeungua.

Nyama tulikula. Ilikuwa imeiva vizuri, sikuiharibu. Aloo alitafuna akiwa amefumba macho, na kabla sijamwuliza akaanza kunieleza mwenyewe. Alisema inanukia kama asubuhi ya Krismasi wakati watoto wake walikuwa wadogo. Alisema kwanza inakuja harufu kama ya sukari inayoanza kuungua, halafu nyuma yake kuna kitu kama majani ya mpera ukiyasugua mkononi. Nikafumba macho na mimi. Sikusikia, lakini nilijua anachosema, nilikikumbuka, nikatafuna polepole. Kuni alinipa. Aliniambia nije mwenyewe kila mara, nisitume mtu, na nikija nilete kipande cha nyama.

Niliporudi Migosi nilimwita Elsie ndani, nikafunga mlango, nikamwambia. Nilinong'ona kama mtu anayekiri mauaji. Elsie aliendelea kukunja nguo. Akasema, “Dada, mimi nilijua tangu siku ile ulipika chai na maziwa yameharibika, ukaniletea kikombe, ukakunywa chako ukamaliza.”

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliona sitaki kuulizwa. Ndipo nikakumbuka mambo mengi. Kila asubuhi Elsie hupita kwenye pipa akiwa na beseni lake la vitunguu, husimama kidogo, husema “leo moshi mtamu,” au husema “leo hizi kuni, sijui,” kisha huenda zake. Nilidhani anapiga gumzo tu. Miaka yote hiyo alikuwa ananilinda, Baba, na mimi nikimwona kama mwanamke mwenye maneno mengi. Jumamosi moja tu aliyokwenda matanga ndiyo iliyonianika. Nilimkumbatia na nguo zake mkononi, akasema namkunjulia nguo, itabidi akunje upya.

Kwa Debra nilikwenda kwa miguu yangu na mbavu ndogo zilizochomwa kwa mpera wa Aloo. Njiani nilikuwa nimetunga uongo kuhusu mwenye lori, na uongo huo ulikuwa nusu kweli, ungetosha. Lakini alipofungua mlango nilimwambia yote. Alisimama ameshika mlango, mikono yake ile isiyotulia ikatulia. Kisha akasema kwamba naye alipougua korona, kwa muda mrefu kahawa ilimnukia petroli, akawa anaimwaga kwa siri ili mfanyakazi wake asivunjike moyo. Akaonja mbavu akiwa amesimama vile vile. Hakunisifu. Alisema tu kwamba siku ya jubilei atakuja mapema asimame karibu na moto, na akisikia kitu kibaya atanigusa bega.

Jubilei ilikuwa mwezi uliopita. Niliweka mapipa matatu uani kwake, Elsie upande mmoja, Debra upande wa pili amevaa gauni lake la sherehe na leso kichwani kuzuia majivu. Aloo nilimwalika, akaja na ile miwani yake ya uzi, akakaa karibu na wazee wenyewe. Debra alinigusa bega mara moja. Nikaruka kufunua pipa. Kumbe alitaka kuniambia baba yake ameulizia kipande kingine. Yule mzee hana meno, Baba, alikuwa anafyonza mfupa, na mkewe anamfuta mafuta kidevuni kwa upindo wa nguo yake, bila kumtazama, huku anaongea na watu wengine. Niliwatazama nikasahau moto.

Kazi imerudi. Kuni zipo. Ningeweza kumalizia hapa nikuombee dua. Lakini kuna jambo ambalo hata Aloo sikumwambia, kwa sababu si lake, ni letu sisi wawili.

Siku ya arobaini ya Mama uligawa nguo zake. Tulikuwa wachache, unakumbuka, watu bado waliogopana. Mimi ulinipa ile leso yake ya zambarau, aliyokuwa akijifunga akikaanga mandazi. Uliikunja ukaiweka mikononi mwangu, ukasema, “Inuse, mwanangu. Bado yumo humu. Iliki na sabuni.”

Niliifunika usoni, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Baba, hakukuwa na kitu. Ilikuwa nguo tu. Nikavuta tena. Nikalia kwa sauti, ukanishika bega ukalia na wewe, ukidhani tunalilia jambo moja.

Ningekwambiaje siku ile? Ulikuwa umempoteza mkeo. Ningekuongezea kwamba mimi nimempoteza mara mbili? Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea, na mazoea yakawa kazi yangu ya pili.

Leso ninayo. Sijaifua. Nimeifunga kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, iko chini kabisa kwenye sanduku. Mara kwa mara naifungua, najaribu, naifunga haraka kwa hofu kwamba namwacha atoke. Na sasa kuna hofu nyingine imeniingia. Miaka imepita. Sijui kama namlinda Mama au nalinda kitambaa. Siwezi kumwuliza Elsie, yeye hakumjua. Duniani aliyebaki anayejua Mama alivyonukia ni wewe.

Kwa hiyo nakuomba uje, Baba. Si kwa ajili ya pipa, wala kuni, ingawa najua utazigonganisha kabla hujavua viatu. Calvince atakuchukua akirudi, kiti cha mbele ni chako, na Shangazi nimeshamwandikia karatasi yake humu ndani ili asikuzuie. Ukishapumzika nitakutolea ile leso. Uinuse. Kama bado yumo, unieleze polepole, mimi nitafumba macho. Na kama ameshaondoka, uniambie ukweli, usitabasamu. Nitaifua, niianike, nianze kuivaa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Mungu akupe nguvu za safari na usingizi mwema kabla yake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Naeema